Fikra za usanifu darasani: wanafunzi wangu hawathubutu kutoa wazo lao wenyewe

Swali: Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Walimu wenzangu, salaam.

Ninafundisha Fizikia Kidato cha Pili katika shule ya kata mkoani Morogoro, na mkondo ninaouzungumzia una wanafunzi 68. Katika mafunzo kazini ya likizo iliyopita tulifundishwa mbinu ya fikra za usanifu, ile iliyoenezwa na kituo cha usanifu cha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani: kumwelewa mtu anayeguswa na tatizo, kuliainisha tatizo lenyewe, kutoa mawazo mengi, kutengeneza mfano wa awali, kisha kuujaribu kwa mtumiaji. Mwezeshaji alisisitiza kwamba lengo si kifaa kitakachopatikana mwishoni, bali kumjengea mwanafunzi ujasiri wa kubuni, yaani imani kwamba anaweza kuwa na wazo na kulifanya kuwa kitu kinachoonekana. Lengo hilo nililipenda, kwa sababu upungufu huo ninauona kila ninapoingia darasani.

Nilipoijaribu, niliviuliza vikundi swali hili: "Tuboreshe vipi mazingira ya shule yetu?" Karibu vikundi vyote vilirudi na majibu mawili, ama kupanda miti ama kuweka mapipa ya taka. Tulipofika kwenye mfano wa awali, wengi walichora mti kwa rula, wakaufuta, wakauchora upya, hadi kengele ikalia. Nikimsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja aeleze wazo lake, anatazama sakafu, na walio nyuma wanaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Wanaozungumza ni walewale wanaoongoza katika mitihani, na wengine wananakili walichosema hao.

Ningependa kujua kama kasoro iko kwenye mbinu yenyewe au kwenye namna ninavyoiendesha, na kama kweli inafaa kwa darasa kubwa lisilo na vifaa. Tena nifanyeje ili silabasi isibaki nyuma, ikizingatiwa kwamba Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili haumsubiri mtu?

Jibu la 1: Chaki na Karakana, Dodoma

Mwalimu, kwa maoni yangu miti na mapipa vimeletwa na swali ulilowapa. Swali pana kiasi hicho lina majibu yaliyokwisha kuandaliwa: yamo kwenye mabango, yamo kwenye hotuba za mahafali, na mwanafunzi anayajua tangu darasa la tatu. Hakuna sababu ya yeye kufikiri wakati jibu ambalo mwalimu "analitaka" liko tayari kichwani. Usanifu huanza pale ambapo swali limebanwa kiasi kwamba jibu la kukariri haliingii: mtumiaji mmoja, kifaa kimoja, mahali pamoja.

Nitoe mfano wa shuleni kwetu, ambako ninafundisha darasa la sita. Nje ya vyoo tuna vibuyu chirizi, yale madumu ya lita tano yaliyoning'inizwa kwenye mti wa mlalo, yenye kamba inayoshuka kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanatiririka. Niliwauliza wanafunzi wangu: kwa nini watoto wa darasa la kwanza hawanawi wakitoka chooni, ilhali dumu lina maji? Niliwakataza kabisa kutaja suluhisho katika kipindi cha kwanza. Kazi yao ilikuwa kusimama mbali kidogo, kutazama, na kuandika walichokiona, si walichokidhania. Kabla ya kwenda, darasa zima liliamini kwamba watoto wale ni wavivu na wanahitaji "kuelimishwa", ikiwezekana kwa bango.

Waliyoyaandika hayakuhusiana na uvivu. Mtoto anakanyaga katikati ya kijiti, uzito wake hautoshi kuliinamisha dumu lililojaa, hivyo analivuta kwa mikono ileile michafu. Maji yakija, yanaanguka kwenye udongo na kumrukia soksi. Anayemfuata ameyaona hayo, anapita moja kwa moja kurudi darasani. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida haisikiki sauti yake, alikuwa ameandika kwamba sabuni imening'inizwa usawa wa macho ya mtoto, kwa hiyo akiivuta inambembea usoni.

Baada ya hapo sikulazimika kuwaomba mawazo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo la kusema kuhusu kitu alichokiona kwa macho yake. Kikundi kimoja kilifupisha kijiti na kupigilia kipande cha ubao kwenye ncha iliyo karibu na kamba, ili mtoto akanyage hapo badala ya katikati. Kingine kilimwaga kokoto chini. Siku ya kwanza ya majaribio kamba ya katani ilikatika mbele ya darasa la kwanza zima, na kicheko kilikuwa kikubwa, lakini hakuna aliyeona haya kwa muda mrefu, maana kamba ya manila ilipatikana na majaribio yakaendelea. Baadaye kikundi hichohicho kilikuja ofisini, bila kuagizwa na mtu, kuomba ruhusa ya kuchunguza foleni ya uji.

Wewe unafundisha Fizikia, hivyo kazi kama hiyo imo ndani ya mada ya mashine rahisi. Kijiti cha kukanyaga ni wenzo, yaani mti unaozunguka kwenye egemeo lake, pale unapotulia, na swali la kwa nini mtoto akikanyaga karibu na kamba mvuto unakuwa mkubwa kuliko akikanyaga karibu na egemeo ni swali la mtihani, ila sasa lina mtu ndani yake.

Kuhusu rula na vifutio: vikusanye, uviweke mezani kwako. Lipo zoezi linalonasibishwa na Robert McKim, aliyefundisha usanifu Stanford, ambalo kila mtu hupewa karatasi yenye duara 30 tupu na dakika chache za kuzigeuza kuwa vitu vingi kadiri awezavyo: saa, chungwa, tairi, uso. Kwetu mwanafunzi huchora duara hizo mwenyewe kwa kuzungushia kalamu kizibo cha soda. Hakuna anayemaliza kwa usafi, na hilo ndilo kusudi lake.

Jibu la 2: Mtaaluma, Mwanza

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba niseme wazi kile ambacho walimu wengi wanakisema wakiwa ofisini peke yao. Wathibiti ubora wakija, wanatazama azimio la kazi, andalio la somo na idadi ya mazoezi yaliyosahihishwa. Matokeo yakitoka, mkuu wa shule anaulizwa asilimia ya ufaulu. Mwalimu aliyetumia vipindi viwili kutazama watoto wakinawa atajibu nini?

Zaidi ya hayo, sioni namna mwanafunzi asiyejua kanuni ya wenzo atakavyobuni wenzo bora. Kumwambia awe mbunifu kabla hajapata maarifa ni kumpa mtu mwiko pasipo unga. Mimi ningeiweka shughuli hii kwenye klabu ya sayansi siku za Jumamosi, wakaja wale wenye hamu, na vipindi vya kawaida vikabaki vya kufundishia.

Jibu la 3: Mkufunzi, chuo cha ualimu, Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mtaaluma ana hoja ya haki kuhusu maarifa, na sidhani kwamba inapingana na kilichofanyika Dodoma. Kijiti hakikufupishwa kwa bahati. Kilifupishwa na watoto waliokuwa wameona kwa macho yao nguvu ikipotea. Fundisha kanuni ya momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu kwenye egemeo, kwanza, kama ulivyozoea, kisha tumia vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, kwa kazi ya usanifu mahali ambapo ungeweka mazoezi ya ziada. Ila pendekezo la klabu ya Jumamosi silikubali, kwa sababu watakaokuja ni walewale ambao tayari wanajiamini. Mwalimu wa Morogoro amelalamika juu ya wale wanaotazama sakafu, na hao Jumamosi hawatakuja.

Inafaa tujue ujasiri huu unatoka wapi, kwa kuwa wengi wetu hudhani unatokana na sifa na makofi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Stanford alichapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda. Alitaja vyanzo vinne: kufanikiwa kutenda jambo wewe mwenyewe, kumwona mtu wa hali yako akilifanikisha, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kutenda. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Bandura alishughulika pia na watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka; hawakuhubiriwa kwamba nyoka hana neno, bali walisogezwa polepole, kwanza kumtazama kutoka chumba cha jirani kupitia kioo, kisha kusimama mlangoni, hadi wakaweza kumgusa. David Kelley, mwasisi wa kampuni ya usanifu ya IDEO na mmoja wa waanzilishi wa kituo kile cha Stanford, amesimulia hadharani jinsi alivyokutana na Bandura na kutambua kwamba safari hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiiona kwa wanafunzi wake. Kwa hiyo zile hatua tano zisichukuliwe kama sala ya kukaririwa. Ni njia ya kupanga mafanikio madogo madogo, na mwanafunzi ambaye hajafika kwenye kujaribu kitu chake kwa mtumiaji, kikashindwa, akakirekebisha, bado hajapata kile kinachojenga ujasiri, hata kama ameshiriki hatua nyingine zote kwa bidii. Ukikosa muda, punguza ukubwa wa tatizo, usiikate duru ya pili ya majaribio.

Sasa nije kwenye ukimya, ambao nadhani una sababu mbili za wazi. Ya kwanza ni lugha. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kutakiwa kufikiri, kuuliza na kujibu kwa Kiingereza. Wazo jipya ni dhaifu linapozaliwa. Mwenye nalo mwenyewe hajalielewa vizuri. Ukimtaka alitoe mbele ya watu 67 kwa lugha anayoiogopa, atachagua kunyamaza, na mimi ningemwona mwenye busara. Ruhusu uchunguzi, mabishano ya kikundi na utoaji wa mawazo vifanyike kwa Kiswahili bila kuomba radhi, kisha istilahi za mtihani na maelezo ya mwisho yaandikwe kwa Kiingereza. Nimeona madarasa yakibadilika kwa ruhusa hiyo peke yake.

Sababu ya pili ni utaratibu wa kutoa mawazo kwa sauti. Tunadhani kikundi kikikaa pamoja na kurushiana mawazo, mengi zaidi yatapatikana. Tangu utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 1958, na mwingine wa Diehl na Stroebe mwaka 1987, imeonekana kinyume chake: watu wakiandika mawazo kila mmoja peke yake, kisha yakakusanywa, jumla yake huwa kubwa kuliko ya kikundi cha idadi hiyohiyo kinachozungumza kwa zamu, kwa sababu mmoja akisema wengine husubiri, husahau, au hujichuja. Kwa darasa la wanafunzi 68 hii ni habari njema. Wape vipande vya karatasi, dakika tano za kimya kamili, kila wazo kipande chake, bila jina. Vipande vikichanganywa mezani, wazo la aliyeshika mkia katika mtihani linasomwa kwa uzito uleule wa wazo la kiranja, na wanaocheka hawajui wanamcheka nani.

Nina onyo moja. Kuna madarasa ambamo mbinu hii imegeuka kuwa sherehe ya vipande vya karatasi za rangi, kila wazo likipigiwa makofi. Mwaka 2017 Natasha Jen, msanifu anayefanya kazi New York, aliishutumu waziwazi kwa kukosa uhakiki, na katika hilo nakubaliana naye. Mwanafunzi wa miaka 15 si mjinga. Akisifiwa kwa kitu kibovu anajua kwamba anadanganywa. Mpe uhakiki wenye umbo, ambao wenzake pia wanaweza kuutumia: kila anayezungumza aanze kwa "Nimependa", aendelee na "Natamani", amalizie kwa "Je, ikiwa". "Nimependa mlivyoweka ubao. Natamani usiteleze ukilowa. Je, ikiwa mtaufunga kipande cha tairi la baiskeli?" Mwenye kazi hajitetei, anaandika.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Nawashukuru sana, walimu wangu. Hoja ya lugha imenigusa, maana nimekuwa nikiwasihi watoe mawazo mapya huku nikiwakatiza kusahihisha sarufi. Nitaanza na momenti, kisha ninakusudia kuwapa kazi ya kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, ya kisima cha shule, ambako wasichana wa bweni huchota maji alfajiri na ambako kamba huwachuna viganja.

Limebaki jambo la alama. Kazi isipokuwa na alama, wanafunzi wangu wataiona mchezo. Nikiiwekea alama, nahofia watarudi kwenye rula na kifutio.

Jibu la 4: Mwalimu wa sekondari msingi, Nakuru

Hamjambo, walimu. Huku Kenya swali hilo tumeshikana nalo kwa muda, kwa kuwa Mtaala wa Umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017, umeorodhesha umilisi saba wa kimsingi, na ubunifu pamoja na kujiamini ni miongoni mwake. Ukishaandika kujiamini kwenye mtaala, mtu fulani atataka kukipima, na kipimo kikikosewa kinaua kile kinachopimwa.

Sisi hutumia viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Viwango si vibaya. Ubaya huanza mwalimu anapovielekeza kwenye kifaa kilichokamilika, kwa sababu hapo mwenye gundi nzuri na rangi ndiye anayezidisha matarajio. Ninachofanya mimi ni kutokipa kifaa alama yoyote. Kila mwanafunzi, hata akiwa kwenye kikundi, ana daftari lake lenye kurasa nne: alichokiona kwa mtumiaji, mawazo aliyoyaandika peke yake, mchoro wa mfano wa awali ukiwa na tarehe, na kilichobadilika baada ya kuujaribu pamoja na sababu ya badiliko hilo. Ukurasa wa nne ndio wenye alama nyingi. Mwanafunzi ambaye mfano wake haukubadilika hata kidogo hawezi kupata kiwango cha juu, hata kama ulifanya kazi mara ya kwanza, na hili huwashangaza sana wale waliozoea kuongoza. Anayejua kwamba kuvunjika kwa kamba kutamletea alama iwapo ataeleza kwa nini ilivunjika, haoni faida ya kuificha ile kamba.

Kwa darasa kubwa usijaribu kusoma madaftari yote kila juma. Ninasoma ukurasa wa nne peke yake, na kwa kurasa nyingine nachukua vikundi viwili kila wiki. Mtaaluma naye atapata mazoezi yaliyosahihishwa ya kuwaonyesha wakaguzi, jambo ambalo silisemi kwa kejeli. Kazi isiyoacha maandishi ni vigumu kuitetea mbele ya mkuu wa shule.

Kuhusu kisima chako, kazi ni nzuri, ila wasianze kutengeneza chochote juu ya kisima chenyewe kabla hujasimama hapo pamoja nao. Mfano wa awali ufanyike chini, kwa ndoo ya mchanga, gurudumu dogo na kamba iliyofungwa kwenye tawi. Wasichana wanaochota maji alfajiri wawe ndio wanaoujaribu, na wawe huru kusema haufai.

Na tafadhali, kazi isiende nyumbani. Malalamiko makubwa ya wazazi huku kwetu yamekuwa ni kutumwa madukani usiku kutafuta karatasi za manila na gundi, na mara nyingi kazi inayorudi asubuhi imetengenezwa na mzazi. Mtoto anayebeba kifaa kizuri kilichotengenezwa na baba yake anajifunza somo moja tu, kwamba vitu vizuri hutengenezwa na wengine. Tafuta kona ya stoo au kabati lenye kufuli, vifaa viwe takataka za shuleni, na mifano yote ilale humo hadi siku ya majaribio. Ikitoka nje ya lango hata usiku mmoja, itarudi imepakwa rangi na mjomba.